Safari ya Amani kutoka Tanga mjini: gari nyota moja, chura nyota tano

Wakuu habarini. Tangu niweke picha za Amani, ule msitu wa hifadhi juu ya Muheza, kwenye stetasi watu wananiuliza pembeni, ulienda na nani, shilingi ngapi, kuna nini kule, na kila mmoja naishia kumwandikia gazeti. Basi naandika hapa mara moja yaishe.

Jibu la haraka kwa wasiopenda kusoma: Amani nendeni, tena nendeni mkalale. Yule bwana wa mjini aliyetuuzia safari, ambaye simtaji kwa sababu nimelelewa, msimpe hela zenu mpaka aoneshe gari kwanza. Muongozaji wa kule msituni nampa nyota tano na ningekuwa na za ziada ningeongeza. Chakula nyota tatu. Hali ya hewa haina nyota ila bebeni sweta, mi nilidharau.

Sasa maelezo. Ilikuwa mwishoni mwa mwezi wa 11, vuli inanyesha nyesha. Nilikuwa na shangazi yangu anayekaa Ngamiani, na binti wa dada yangu ana miaka 11 ambaye kila kitu lazima aulize mara mbili. Tuliona tangazo WhatsApp, safari ya siku moja, elfu themanini kwa kichwa, mtoto nusu, usafiri, kiingilio, muongozaji na chakula cha mchana humo humo. Tangazo lina picha ya tembo, pembeni twiga, chini yake wameandika AMANI. Hapo nilipaswa kushtuka. Amani ni msitu wa mlimani jamani, Usambara Mashariki, wilaya ya Muheza, hakuna twiga anayepanda kule labda akodi bodaboda. Ila shangazi aliiona ile picha na moyoni akawa ameshaenda kuona simba, na mimi nikanyamaza kwa sababu nilitaka aje.

Kuondoka tuliambiwa saa 12 asubuhi. Noah ilifika saa 3 kasoro. Mtu akichelewesha gari la kwenda harusini utasamehe, la kwenda msituni ni tofauti, ndege wanaimba na kuonekana alfajiri, jua likishapanda wanatulia kwenye majani na wewe unabaki unapiga picha matawi. Kwenye gari tulikuwa na wachumba wawili wametoka Dar, yule dada alikuja kabisa na daftari la ndege, alitaka kumwona shona-majani mwenye mdomo mrefu ambaye duniani yupo huku Usambara Mashariki na sehemu nyingine moja tu kaskazini ya Msumbiji. Hakumwona. Alinyamaza kuanzia Pongwe mpaka Muheza na mimi ningekuwa yeye ningefanya hivo hivo.

Njiani mkonge. Hii tumeizoea mpaka hatuioni tena, mistari na mistari, mmea mmoja. Binti akauliza mjomba nani alipanda yote hii, nikamsimulia nilivyosikia tangu shule, kwamba Mjerumani mmoja Richard Hindorf mwaka 1893 aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe kule Pangani, na huo ndio ukawa mwanzo wa mkonge wote huu. Shangazi akadakia, baba yake alikuwa kibarua wa mkonge, anakumbuka enzi Tanga ina hela, halafu kamba za nailoni zikaja, mashamba yakataifishwa yakachoka, mkonge ukaanguka na mji wote ukaanguka nao ukawa unalala saa mbili usiku. Mi naona mtu wa Tanga hahitaji semina ya kuelezwa hasara ya kutegemea kitu kimoja. Sisi tumeishi ndani yake.

Muheza tukanunua machungwa, hapo sina neno, msimu ulikuwa unaisha lakini bado matamu. Tulipoiacha Muheza lami ikatuaga. Barabara ilikuwa ya vumbi na mawe, mvua ikinyesha inakuwa ya utelezi, na kuna kona ambazo shangazi alizipitia kwa kusoma Ayatul Kursi kwa sauti. Mandhari lakini! Kwanza minazi na michungwa, halafu joto linapungua, halafu unaanza kuusikia mto kabla hujauona. Huo ni Zigi. Pale chini Kisiwani kwenye geti kuna nyumba ya zamani ambayo ilikuwa stesheni, Wajerumani walijenga kareli kadogo kutoka Tengeni mpaka Zigi, wakakamaliza 1910, kazi yake kushusha mbao za msitu huu. Reli imeshakufa, stesheni imekuwa sehemu ya kupokea wageni. Usafi pale safi, choo kizuri, wahudumu wanakusalimia kabla ya kukuuliza hela, malipo kwa kontroo namba na risiti unapata. Na hapo ndipo tulipogundua bwana wa mjini hakuwa amelipa kiingilio chetu. Tukampigia, simu inaita tu. Tukalipa wenyewe.

Muongozaji tuliyempata pale ni mzee wa makamo, kijijini kwake ni huko huko mlimani, buti za mvua na panga dogo la kukwepesha matawi. Cha kwanza alichosema, akauonesha mto, "Hii ndio bomba lenu ya Tanga." Tukacheka. Akasema sitanii, Zigi inashuka mpaka bwawa la Mabayani, na Mabayani ndiko maji ya mji yanakotoka, kwahiyo chai mliyokunywa asubuhi imepita hapa. Miaka yote nakaa Chumbageni nalipa bili ya maji sijawahi kujiuliza yanatoka mlima gani. Akaeleza kwa lugha rahisi kabisa: msitu ukiwepo mvua inanyesha juu ya majani, inadondoka polepole, inaingia kwenye udongo wenye majani yaliyooza kama sponji, mto unapata maji hata kiangazi. Msitu ukifyekwa mvua ile ile inashuka mbio na udongo, mto unakuwa kama chai ya maziwa, bwawa linajaa tope, kusafisha kunakula dawa nyingi zaidi, halafu ukame ukija mto unakuwa kijito. Ndio maana, kasema, wakulima wa pembeni mwa mto huku wanashawishiwa wasilime mpaka kingoni. Wengine wanakubali wengine hawakubali, na yeye hawalaumu sana, kingo ndio zenye rutuba.

Sasa gari. Kupanda kutoka Kisiwani kwenda Amani kwenyewe ni kona juu ya kona, kutoka kule chini mtoni unafika karibu mita 900, na Noah yetu katikati ya mlima rejeta ikachemsha. Moshi mweupe. Dereva kijana mpole, kosa si lake, akafungua boneti akatuangalia kama anatuomba radhi kwa niaba ya ukoo. Akasema nasubiri ipoe. Ikapoa, ikapanda mita mia tatu, ikachemsha tena. Mzee akasema teremkeni, tutembee, huku mtaona vitu kuliko kwenye gari. Shangazi ana miaka 61 na ana goti. Akatembea. Alilalamika kila hatua lakini akatembea.

Na hapo safari ndio ilianza kweli.

Kwa wasiojua, Amani ilitangazwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997, ya kwanza ya aina hiyo Tanzania, zaidi ya hekta 8,000. Ndani yake na pembeni kuna vijiji na mashamba ya chai, sio pori tupu. Kabla ya hapo Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti na bustani ya mimea mwaka 1902, wakaleta miti ya dunia nzima kuijaribu, mikwinini ya dawa ya malaria, mipira, mikarafuu, viungo, kila kitu, kuona kipi kitaleta hela. Bustani bado ipo na ni nzuri sana, unaweza kukaa nusu siku unanusa majani tu, mzee anachuma jani anakufikichia anasema nusa, hii nini? Binti alipata manne kati ya sita, mi nilipata mawili, shangazi alipata yote na akauliza kama kuna zawadi.

Ila bustani hiyo ina deni lake. Shangazi alisimama chini ya mti mmoja mrefu, umenyooka kama mlingoti wa jahazi, akaupiga piga akasema mti mzuri huu, hapa kitanda kinatoka. Mzee akasema, "Dada yangu, huo ndio unaotusumbua." Unaitwa muhesi. Asili yake kule Bukoba na Uganda mpaka Kongo na kuendelea, uliletwa kujaribiwa na kupandwa kama miti mingine. Kwa muda mrefu ulikaa kimya haumsumbui mtu. Halafu miaka ya 70 mpaka 80 na kitu mashine za mbao zikaingia msituni, zikaangusha miti mikubwa ya asili, na kila ulipoanguka mti mkubwa juu pakabaki tundu jua linapita. Muhesi unapenda jua, unakua haraka kuliko mti wowote wa hapa, na matunda yake hondohondo anayapenda balaa, anakula huku anaenda kudondosha mbegu kule, pengine katikati ya msitu kabisa. Kila kwenye tundu ukaota muhesi. Hondohondo ni ndege wa kwetu, alikuwa anapanda miti yetu siku zote, hana kosa, anakula anachokikuta. Sasa hivi kuna sehemu unatembea ukitazama juu ni muhesi, muhesi, muhesi, na mimi bila kuambiwa ningesema duh msitu umestawi huu. Hicho ndio kilinikaa kichwani. Nilidhani msitu kuharibika ni visiki na moshi wa mkaa. Kumbe unaweza kuwa wa kijani kabisa na umeharibika, miti ipo ila aina zimepungua.

Nikamuuliza kwani shida iko wapi kama ni mti tu na wenyewe unatoa kivuli. Hakunijibu. Akatupeleka kwenye mwamba mmoja unaovuja maji pembeni ya njia, ameinama, akatuonesha ua.

Dogo. Majani ya manyoya manyoya yamelala juu ya jiwe, maua rangi ya zambarau na kitovu cha njano. Yule dada wa Dar akasema mama yangu anayo haya sebuleni kwenye kopo, alinunua Mlimani City. Mzee akasema yote ya dunia nzima babu zao ni hawa. Mwaka 1892 mkuu wa wilaya wa Kijerumani, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliyachukua, sehemu nyingine mlimani huku na nyingine kwenye mawe ya chokaa karibu na Tanga kwenyewe, akapeleka kwao Ujerumani, mwaka uliofuata yakapewa jina la ukoo wake, Saintpaulia, na leo yanauzwa kwenye vikopo kila nchi. Halafu akaonesha kwa kidole juu, tawi zito la mti wa asili lililofunika ule mwamba. "Huu mti ukiondoka, jiwe linakauka. Jiwe likikauka, ua hakuna." Ndio lilikuwa jibu la swali langu, akaendelea kutembea.

Mchana chakula, wali maharage na kuku wa kienyeji, kilichelewa lakini kilikuwa cha moto. Chai ya pale pale, mashamba ya Kwamkoro na Bulwa hayako mbali, kali na rangi nzuri. Pilipili hawana, mtu wa Tanga nenda na yako. Sina zaidi kwenye chakula.

Saa 10 dereva akaja kwa bodaboda kasema fundi kutoka Muheza anakuja kesho. Bwana wa mjini safari hii akapokea, akasema "poleni sana wapendwa, ni changamoto za barabara." Wapendwa! Nikamwambia tuna mtu mzima na mtoto hatuna nguo za baridi, akasema atanirudia. Hajanirudia mpaka leo naandika. Tukalala nyumba ya wageni pale pale hifadhini, jengo la zamani lenye dari refu, mablanketi mazito, maji ya moto ya ndoo, bei ya kawaida tu na tulilipa wenyewe tena. Shangazi alijifunga kanga tatu akaonekana kama boya.

Baada ya kula mzee akaja na tochi mbili. Kasema kama hamjachoka, msitu wenyewe unaamka saa hizi. Hii haikuwepo kwenye pakeji ya mtu yeyote. Naomba nieleweke vizuri hapa: kitu bora kuliko vyote kwenye safari hii tulikipata kwa sababu rejeta mbovu ilitulaza, na kama gari lingekuwa zima saa 11 tungekuwa tunashuka na tungerudi mjini tukisema Amani pazuri, kuna baridi, basi.

Kinyonga kwanza. Usiku analala nchani mwa tawi na ukimulika anang'aa weupe kama karatasi, mchana unampita hatua moja humuoni. Tulihesabu tisa kwenye njia ya nusu saa. Mmoja dume ana pembe tatu usoni, kama kifaru wa kuchora mtoto. Shangazi na kinyonga ni maadui wa tangu utoto, kasimama mbali anasema mwambieni asinitazame. Kijana wa Dar alitaka kumbeba apige naye selfi na flashi, mzee akamkatalia kwa upole, amelala huyo mwanangu, ukimshika anashtuka anaanguka na hapati tena pa kulala. Akaongeza kwamba zamani watu walikuwa wanakuja na magunia ya kitambaa, vijana wa vijijini wanalipwa hela kidogo kwa kila kinyonga, wanapelekwa nje kuwa wa kufugwa kwenye vioo. Wengine walikuwa wanafia njiani. Biashara ya kusafirisha wanyama hai ilifungwa 2016.

Halafu chura.

Nitajitahidi kuelezea. Tulisimama mahali penye majani mapana, mzee akazima tochi akasema sikilizeni. Kulikuwa na sauti kama mtu anagonga gonga kijiko kwenye glasi, tik, tik, huku na huku. Akawasha, akatafuta, akatafuta, halafu akaonesha juu ya jani. Kachura kadogo kama kiungo cha kidole gumba, rangi ya udongo mkavu, kamekaa kanatutazama. Binti akauliza, mjomba, bwawa lake liko wapi? Mimi sijui. Mzee ndio akasema, huyu hana bwawa. Hatagi mayai majini kama vyura wenzake. Mayai yanabaki tumboni kwa mama, yanakulia humo humo, siku ikifika anazaa vichura vimekamilika, miguu minne, vinaruka. Shangazi ambaye alikuwa nyuma kabisa akasogea. Akamkazia macho. "Kumbe anazaa kama sisi," akasema, na sauti ilikuwa imebadilika, ya heshima, kama anaongea na mtu aliyejifungua jana.

Mzee akasema dimbwi lake ni huu unyevu wa msitu, kwenye majani na kwenye mikunjo ya majani, ukavu ukiingia hana pa kukimbilia. Usambara hii, akasema, na milima mingine ndugu zake, ipo 13 kwa ujumla kuanzia Taita Kenya mpaka Udzungwa na Mahenge, kila mmoja umekaa peke yake miaka mamilioni kama kisiwa, chini pamekauka na juu pana ukungu, ndio maana viumbe vya mlima mmoja pengine hukuti mlima wa pili. Wako Tanzania, wako Usambara, wako hapa. Wakiisha hapa hakuna pa kuwafuata.

Nikakumbuka ile habari ya chura wa Kihansi, nikamuuliza, akasema huyo ni ndugu yake kabisa. Kihansi kule Udzungwa alikuwa anaishi sehemu ndogo sana tu, kwenye rasharasha za maporomoko, wataalamu wamemjua miaka ya 90 wakati mradi wa umeme umeshaiva. Bwawa likafungwa, maji yakapungua, rasharasha zikakata, baadae na ugonjwa wa kuvu ukaingia. Mwaka 2009 akatangazwa ametoweka porini. Waliobaki ni wale karibu 500 waliokuwa wamewahishwa Marekani mwaka 2000 wakalelewa kwenye bustani za wanyama, na kuanzia 2012 wameanza kurudishwa nyumbani, wamewekewa mabomba ya kurushia maji. Fikiria chura anarudi kwao kwa ndege. Mi umeme wa Kihansi nautumia, sitajifanya. Ila usiku ule nimesimama na tochi mkononi hesabu hazikuwa rahisi kama zilivyokuwa sebuleni.

Tulikaa pale dakika arobaini kwa chura mmoja. Hakuna aliyelalamika baridi.

Asubuhi tukapita vijijini tukisubiri fundi. Hapa mzee alikuwa muwazi kuliko nilivyotegemea, alisema yeye mwenyewe baba yake alilima iliki msituni. Iliki inataka kivuli, kwahiyo mkulima haangushi miti mikubwa, anafyeka ya chini tu, miche na vichaka, akapanda iliki. Ukipita unaona msitu. Lakini miti ile mikubwa haina watoto, inazeeka inaanguka mmoja mmoja, na udongo baada ya miaka kadhaa unachoka mtu anahamia mbele. Na sisi pilau bila iliki hatuli. Akatuelekeza upande wa Sakale ambako mwisho wa 2003 ilionekana dhahabu, watu wakamiminika kila kona ya nchi wakachimba kwenye vijito vinavyoingia Zigi mpaka serikali ikawatoa, anasema maji yalibadilika rangi mpaka huku chini.

Kuna na hadithi ya vipepeo ambayo ilinisikitisha. Wanakijiji, wengi akina mama, walikuwa na mradi wa kufuga vipepeo kwenye mabanda ya neti, wanawauza wakiwa bado pupa, yaani kwenye ganda kabla hawajatoka na mabawa, wanasafirishwa kwenda kwenye maonesho ya vipepeo Ulaya na Marekani. Kipepeo anataka majani yake maalumu kutoka msituni, kwahiyo mtu alikuwa na sababu ya mfukoni ya kuulinda msitu. Katazo lile lile la 2016 lililomwokoa kinyonga na wao likawafungia soko. Mama mmoja alituonesha banda lake, neti imechanika, ndani kaweka kuku. Mi sijui nani alipaswa kufikiria nini, ila kinyonga anayekamatwa porini na kipepeo anayefugwa bandani kuwekwa kapu moja naona haikuwa sawa.

Nje ya mada kidogo. Sisi watu wa Tanga mgeni akija tunampeleka mapango ya Amboni basi tumemaliza. Baharini kwetu kuna silikanti, samaki ambaye dunia nzima ilidhani alishakwisha zamani za kale mpaka alipovuliwa mmoja Afrika Kusini 1938, na huku wavuvi wetu walianza kuwatoa kwenye jarife za papa miaka ya 2000, mpaka 2009 ikaanzishwa hifadhi ya bahari kwa jina lake. Na bado kuna miaka ukikaa Raskazone ulikuwa unasikia baruti, buum, watu wanavua kwa kuvunja matumbawe. Mlimani chura anayezaa, baharini samaki wa kale, na mimi nimezaliwa hapa hapa nimeyajua haya na ndevu zimeshaota.

Haya, ushauri wa hela. Usipite kwa dalali. Panda gari la Muheza asubuhi mapema, Muheza kuna magari yanayopanda Amani ila ni machache kwa siku na yanajaa, uliza stendi siku moja kabla. Mkiwa wanne watano kodini gari lenye nguvu, si Noah. Kiingilio na muongozaji mtalipia getini kwa risiti, nasi hesabu yetu ya kulala, kula na matembezi ya usiku ilitoka chini ya ile themanini kwa mtu mzima. Ombeni muongozaji anayekaa kule. Bebeni tochi, buti au viatu vya kufunika, soksi juu ya suruali kwa ajili ya siafu (kijana wa Dar ana ushahidi, alivua suruali mbele ya wakwe watarajiwa kwa simu ya video). Mtandao unakamata kwa kubahatisha. Wenye magoti, nendeni polepole, shangazi kaweza.

Juzi bwana wa mjini kanitumia meseji, nadhani kasikia nasema sema. Hela ya kiingilio anasema italeta usumbufu kuirudisha, ila kutufidia anatupa nafasi tatu za bei nusu kwenda Saadani, safari hii simba uhakika, gari jipya. Nikampelekea shangazi simu asome mwenyewe, maana simba ndio alikuwa wake tangu mwanzo. Akasoma, akavaa miwani akasoma tena, akanirudishia simu. "Muulize," akasema, "hana ya vyura?"